Mgonjwa wa saratani ya damu, figo zake na saumu yake

 

Kila inapokaribia Ramadhani hutufikia masuali ya wagonjwa, na safari hii limo la dada yetu mmoja ambaye baba yake amegunduliwa kuwa ana saratani ya damu. Daktari amemwambia mzee anywe maji lita tatu kila siku na asifunge. Mzee hataki. Anasema maradhi yake yako kwenye damu na mifupa, hayako tumboni, na wala hasikii kiu. Basi maji yanahusu nini? Dada anauliza: huu ni udhuru wa kweli wa kisharia, au ni madaktari tu wanaopenda kuwakataza watu saumu?

Jawabu kwa ufupi ni kuwa udhuru huo ni wa kweli, na mzee akifunga ilhali daktari wake amemkataza atajibebesha madhara ambayo sharia haikumtaka ayabebe. Lakini suali la mzee, maji yanahusu nini, ni suali la haki na linastahiki jawabu refu kuliko hilo. Mtu akiifahamu sababu huwa mwepesi wa kufuata. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kusomesha, chuo kikuu asubuhi na madrasa jioni. Haya ya tiba nimeyapata kwa kukaa na madaktari na kuwauliza, na nilianza kuwauliza kwa sababu niliwahi kukosea.

Miaka kadhaa nyuma alikuwa akisali nasi maalim mmoja mstaafu wa skuli, mtu wa rika la kaka yangu mkubwa. Alianza kulalamika mgongo, baadae mbavu. Watu wakamwambia ni uzee, wengine wakasema ni upepo, na yeye mwenyewe akaona dawa ni kuchua na kupiga sindano. Ramadhani ikaingia. Katika kumi la pili, baada ya sala ya Alfajiri, akanifuata msikitini akaniambia: "Sheikh, saumu ya mwaka huu inanilemea. Koo linakauka, nguvu sina, na usiku kucha niko msalani." Nikamtazama, mtu amesimama kwa miguu yake, hana homa. Nikamwambia: "Vumilia maalim, maumivu ya mgongo si udhuru. Kula daku vizuri." Sikumuuliza kama amekwenda hospitali wala ni dawa gani anazotumia. Kumbe kwa miezi minne alikuwa akimeza vidonge vya diklofenaki asubuhi na jioni, anajinunulia mwenyewe duka la dawa, na kila wiki sindano moja au mbili juu yake.

Siku ya ishirini na tatu mwanawe akanipigia simu. "Ami, baba anasema maneno yasiyoeleweka, anatapika, na mkojo tangu jana hautoki."

Hospitali walipima kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu, wakaikuta imepindukia 800, na mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 60 na 110 hivi. Damu ilikuwa kidogo, na madini ya kalsiamu yalikuwa juu sana. Figo zote mbili zilikuwa zimesimama. Baada ya siku kumi na mbili, walipokwisha kuchukua uboho wa mfupa na kuupima, ndipo jina la maradhi likajulikana: mailoma, saratani inayoota ndani ya uboho.

Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfika Mtume (S.A.W.) alikasirika, akawalaumu kwa kutoa hukumu bila ya kuuliza. Hadithi hii nimeisomesha mara nyingi. Sikudhani kuwa ingenihusu mimi na maalim wangu.

Sasa tuje kwenye suali la mzee. Ndani ya uboho, ule ute wa katikati ya mfupa, ndimo damu inamotengenezwa, na humo pia mna seli ziitwazo seli za plazima. Kazi ya seli hizi ni kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazopigana na vijidudu. Kila kingamwili huungwa kwa vipande viwili vizito na viwili vyepesi. Kwa mtu mzima wa afya vipande hivi hutengenezwa kwa kiasi na vingi huungana. Mailoma ni pale seli moja ya aina hiyo inapoharibika, ikazaana bila ya mpaka, na kizazi chake chote kikatoa protini ya aina moja isiyo na faida. Mara nyingi vipande vyepesi hutolewa vingi kupita kiasi na kubaki vikielea kwenye damu peke yake.

Vipande hivyo ni vidogo, kwa hiyo vinapita kwenye chujio la figo. Kila figo lina vichujio vinavyokaribia milioni moja, na figo mbili kwa pamoja huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku. Karibu maji yote hayo hurejeshwa mwilini kupitia mirija midogo iliyoungana na vichujio, na kinachobaki, lita moja na nusu au mbili, ndicho mkojo. Mirija hiyo hurejesha pia protini ndogo ndogo zilizopenya. Zikiwa chache, kazi hufanyika bila ya tabu. Zikija kwa mafuriko, mirija hushindwa, na vile vipande husukumwa mbele mpaka sehemu ya mwisho ya mrija ambako figo lenyewe hutoa protini yake ya asili yenye kunata. Vikikutana nayo hugandana na kuwa vizibo. Mrija ukiziba, kichujio kilicho nyuma yake hufa, na pembeni pake figo hufanya uvimbe na baadae kovu.

Maji yanaingia hapo. Mkojo ukiwa mwingi na mwepesi, vipande hupita na kutoka. Mkojo ukiwa kidogo na mzito, hugandana. Mtu aliyefunga pwani yetu hukaa saa 13 na zaidi bila ya tone la maji, katika joto, na figo lake, kwa hekima ya Mola, hubana mkojo ili kuuhifadhi mwili. Kwa mtu wa afya kubana huko ni rehma. Kwa mwenye mailoma huko ndiko kunakotengeneza vizibo. Na kiu haimwonyeshi hilo, kwa sababu kwa watu wazima hisia ya kiu hupungua, na figo haliumi linapoharibika.

Mambo mawili mengine humsaidia adui. La kwanza ni kalsiamu. Mailoma hula mifupa, na kalsiamu iliyomo hutoka na kuingia kwenye damu. Ikizidi humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara na kupoteza maji, akaushe koo, afunge choo, apate kichefuchefu, na mwisho achanganyikiwe akili. Maalim aliponiambia kuwa koo linakauka na usiku kucha yuko msalani, alikuwa akinisomea dalili moja moja, na mimi nikadhani ananiletea uvivu.

La pili ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na ndugu zake hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mwenye figo nzima akizitumia siku mbili tatu kwa kawaida hazimdhuru. Mwenye mailoma, aliyepungukiwa maji, akizitumia miezi, huwa anaziba mfereji huku anaukausha. Na msiba ni kuwa mailoma huanza na maumivu ya mgongo na mbavu, na dawa ya mwanzo ambayo kila mtu huikimbilia kwa mgongo ni hizo hizo. Mwenye maradhi haya akiumwa amwambie daktari. Parasetamoli kwa kipimo chake, na ikibidi dawa kali zaidi za hospitali, ni salama zaidi kwa figo zake.

Maradhi haya si mageni. Mwaka 1845 mfanyabiashara mmoja wa vyakula mjini London aliumwa na mifupa mpaka akawa hawezi kujigeuza kitandani. Daktari wake, William Macintyre, aliuangalia mkojo akaona ajabu: ukipashwa moto unafanya ukungu, ukichemka unasafika, ukipoa ukungu unarudi. Sampuli ikapelekwa kwa tabibu na mkemia Henry Bence Jones, ambaye aliandika habari zake, na protini hiyo ikaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mgonjwa mwenyewe alifariki siku ya mwanzo ya mwaka 1846. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja, mpaka 1962, kwa Gerald Edelman na mwenzake kuonyesha kuwa protini ile si kitu ila vile vipande vyepesi vya kingamwili tulivyovieleza.

Namtaja tajiri huyu wa London kwa sababu mkojo wake unatufundisha mtego uliopo mpaka sasa. Kwenye vituo vyetu vya afya mkojo hupimwa kwa kijiti cha rangi. Kijiti kile hukamata zaidi protini iitwayo albumini. Vipande vyepesi karibu havikamati kabisa. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kumwaga protini nyingi kwenye mkojo na kijiti kikasema hakuna kitu, akaambiwa figo zake ni nzima, akarudi nyumbani kuendelea na sindano zake. Mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, aliyepungukiwa damu bila ya sababu inayojulikana, au anayepata vichomi mara kwa mara, asitosheke na kijiti. Aombe apimwe kreatinini, kalsiamu na wingi wa damu, na daktari akiona shaka atamfanyia kipimo cha kuzichambua protini za damu na mkojo na cha vipande vyepesi vyenyewe. Hili linatuhusu sisi khasa, maana takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa watu wenye asili ya Afrika huupata ugonjwa huu takriban mara mbili zaidi ya wazungu. Na katika wote wanaogunduliwa, kati ya mmoja kwa watano na nusu yao tayari figo zina kasoro siku ya kugunduliwa.

Wako wengine ambao vile vipande haviwazibi mirija bali hujipanga kama nyuzi na kukaa kwenye vichujio vyenyewe, na pengine kwenye moyo na ini. Maradhi haya huitwa amiloidi. Hawa mkojo wao hufanya mapovu, miguu na nyuso huvimba, na kwao kijiti husema kweli, kwani albumini ndiyo inayomwagika. Wengi hutibiwa presha au moyo kwa muda mrefu kabla hajatokea wa kuuliza mbona mkojo una mapovu.

Nimesema sana mailoma, lakini figo huumizwa na saratani nyingine za damu pia, na mara nyingine huumizwa na kupona kwenyewe. Hapa nawalenga wazazi.

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 juu ya watoto wa Uganda waliokuwa na uvimbe wa mataya unaokua kwa kasi ya kutisha. Ugonjwa huo ukaitwa limfoma ya Burkitt, nao umo Afrika Mashariki yote. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini kitu kinachokua kwa kasi hufa kwa kasi pia, na dawa zikiingia uvimbe huyeyuka mbele ya macho ya wazazi. Watu hufurahi. Daktari huwa hajafurahi bado, kwa sababu mamilioni ya seli yakipasuka kwa pamoja humwaga yaliyomo ndani yake kwenye damu: potasiamu, ambayo ikizidi husimamisha moyo, fosfeti, ambayo hushikana na kalsiamu, na mabaki ya viini vya seli, ambayo mwili huyageuza kuwa asidi ya yuriki. Asidi hii ndiyo ile ya ugonjwa wa jongo, ambao wengi huuita gauti. Ikijaa ghafla hufanya chembe kama mchanga ndani ya mirija ya figo, na mkojo ukakatika. Haya hutokea zaidi katika siku tatu za mwanzo za dawa, na huwapata pia wenye lukemia kali, wakubwa kwa wadogo.

Kwa sababu hiyo mtoto hulazwa akatiwa maji ya mshipa siku moja au mbili kabla ya kupewa dawa ya saratani, na akapewa vidonge vya alopurinoli. Nimewasikia wazazi wakilalamika kuwa siku zinapotea na uvimbe unakua, hospitali wanatia maji tu. Ndugu zangu, hayo maji ni sehemu ya matibabu. Bila ya hayo, dawa ingeweza kuua figo siku ile ile inayoua uvimbe. Na damu kutolewa mara mbili tatu kwa siku si majaribio; wanaangalia potasiamu isije ikawashinda mbio.

Alopurinoli wengi wanaijua kama dawa ya jongo. Waliyoigundua, Gertrude Elion na George Hitchings, waliokuja kupata zawadi ya Nobel mwaka 1988, walikuwa wakitafuta njia ya kuipa nguvu dawa ya lukemia iitwayo merkaptopurini, kwani alopurinoli huizuia isivunjwe mwilini. Faida hiyo ina hatari yake: mtoto anayemeza merkaptopurini akipewa alopurinoli bila ya kipimo kupunguzwa sana, dawa humzidi ikamuua uboho. Basi msiazimane vidonge vya jongo vya babu. Ipo pia dawa ya mshipa, rasburikesi, inayoivunja asidi ile kwa saa chache, lakini mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hapewi kwa kuwa damu yake hupasuka, na upungufu huo huku kwetu pwani si haba. Mkijua kuna mtu katika ukoo aliyewahi kugeuka macho manjano baada ya dawa ya malaria, mwambieni daktari.

Nirudi kwa maalim na matibabu yake, maana ndiyo njia wanayopita wengi.

Jambo la mwanzo walilofanya lilikuwa kumkataza diklofenaki. La pili maji ya mshipa, kwa hadhari, kwa sababu figo likisimama kabisa maji hayana pa kutokea na huingia kwenye mapafu. Ndiyo maana ile kauli ya lita tatu ni ya anayekojoa, na kila mgonjwa ana kiasi chake alichopangiwa. La tatu kushusha kalsiamu. Na la nne, ambalo ndilo asili ya tiba yote, kuifunga bomba yenyewe: kuzipiga zile seli ili vipande vyepesi visitengenezwe tena. Dawa ya steroidi iitwayo deksamethasoni huanza kazi upesi na haina bei kubwa. Bortezomibu, iliyoingia matumizini mwaka 2003, hudungwa chini ya ngozi, na uzuri wake ni kuwa hata figo likiwa limesimama kipimo chake hakibadiliki. Nyingine si hivyo. Lenalidomidi hupunguzwa kwa kiasi figo lilivyodhoofika, na sindano ya kuimarisha mifupa huzuiwa au hupunguzwa. Kila dawa ina tabu yake: deksamethasoni hupandisha sukari, bortezomibu hutia ganzi miguuni na huweza kuamsha mkanda wa jeshi.

Hapa haraka ina thamani. Wataalamu wameona kuwa vipande vyepesi vikishuka kwa asilimia 60 ndani ya siku 21 za mwanzo, figo nyingi hurejea kufanya kazi kwa kiasi fulani. Kizibo cha wiki mbili huweza kuyeyuka; kovu la miezi sita halirudi nyuma. Familia ya maalim ilitaka imtoe hospitali akasomewe kwanza. Kusomewa ni katika dini yetu, na nilikwenda kumsomea mwenyewe, kitandani pake, sindano iko mkononi. Hakuna kimoja kinachomngoja mwenzake, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu. Ama hijama kwa mgonjwa wa saratani ya damu, naikataza kabisa mpaka daktari wake aseme, kwani damu yake ni kidogo na chembe za kugandisha damu huenda zimepungua.

Maalim alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne. Huduma hii ipo Mnazi Mmoja hapa Unguja na Muhimbili kule Dar es Salaam, na si lazima tena kila mtu apelekwe India kwa hilo. Mashine haitibu saratani; inafanya kazi ya figo huku dawa zikifanya yao. Ulaya wamejaribu mashine zenye chujio pana za kutoa vile vipande vyepesi, na wamejaribu pia kubadilisha maji ya damu, lakini matokeo hayakuonyesha kwa uwazi kuwa zinashinda dawa nzuri iliyoanzwa mapema. Nayasema haya kwa wale wanaouza shamba kwa kuwa wamesikia kuna mashine ya ajabu nje. Ulizeni kwanza.

Wageni waliokuja kumtazama walimletea madafu, tende na ndizi. Kwetu dafu ni dawa ya figo, ndivyo tulivyokua. Lakini figo likisimama haliwezi kutoa potasiamu, na dafu limejaa potasiamu, na tende vile vile, na ndizi. Muuguzi mmoja aliyachukua madafu sita akayaweka nje ya mlango na watu wakamnunia. Alikuwa amemwokoa. Mgonjwa ambaye figo zake bado zinafanya kazi na ameambiwa anywe maji, anywe maji haya haya ya kawaida.

Sasa hukumu. Aya za saumu katika Suratul Baqara zimemtoa mgonjwa kwa matamshi ya wazi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa mgonjwa anayepata mashaka mazito kwa saumu anaruhusiwa kula, na anayehofia kuangamia au kupoteza manufaa ya kiungo, kula ni wajibu juu yake. Figo ni kiungo. Kinachozingatiwa si njaa na kiu za siku hiyo, bali madhara anayoyajua mjuzi wa maradhi. Daktari mwaminifu katika kazi yake akisema, na mgonjwa akaona anamwambia kweli, neno lake linafanyiwa kazi, hata akiwa si Muislamu, kwa kauli tunayoifuata. Mgonjwa asiseme atajaribu siku tatu aone. Kwenye maradhi haya hutaona kitu, mpaka uone mkojo umekatika.

Anayesafishwa damu kwa mashine, damu yake hurudi ikiwa imetiwa chumvi na sukari, na wanazuoni wengi wa zama hizi wamefutu kuwa saumu inafunguka; wako waliosema haifunguki. Mgonjwa huyo udhuru wake umekwisha kuthibiti, basi hana haja ya kujitia katika khitilafu hiyo. Ile heparini inayotiwa ili damu isigande kwenye mashine, ambayo kwa wingi hutokana na utumbo wa nguruwe, inajuzu kwa dharura pale ambapo hakuna badala yake iliyo tohara yenye kufaa, na hakuna dhambi kwa mgonjwa wala kwa aliyemdunga. Mwenye bomba shingoni ambalo halitakiwi kuloa, ataosha anapoweza, atapangusa juu ya bandeji kwa maji, na atatayamamu kwa sehemu iliyobaki.

Inabaki kulipa. Mtoto au kijana mwenye lukemia au limfoma ambaye matibabu yake yana mwisho na kupona kunatarajiwa, ikiwa amebaleghe, atalipa siku zake atakapopona, na fidia haimtoshi. Mwenye mailoma kwa kawaida hutulizwa maradhi yake wala hayang'olewi, na haja yake ya maji ni ya umri wote. Huyu hatakiwi kulipa siku, bali atoe kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji, kwetu mchele, kwa kila siku. Fidia haitangulizwi kabla ya Ramadhani. Hutolewa kila siku baada ya alfajiri yake, au hukusanywa mwisho wa mwezi. Kisha ikitokea siku za mbele akapata nguvu na daktari akamruhusu kufunga, zile alizotolea fidia zimekwisha, hazirudi.

Figo za maalim zilianza kukojoa tena katika wiki ya saba. Mashine akaiacha katika mwezi wa nne, kreatinini ikabaki juu kidogo ya kawaida na haikushuka zaidi. Ramadhani iliyofuata aliniita nyumbani kwake, chupa ya maji iko pembeni ya msahafu, akaniuliza ile saumu ya mwaka uliopita, zile siku saba alizozikosa akiwa kitandani, azilipe au azitolee vibaba. Nikamuuliza kwanza daktari wake amesemaje. Akacheka sana. Tukahesabu vibaba saba.

Wallahu a'lam.